Kabla ya Kuvunja Terasi: Kutafuta Hewa Inayoingia Kwenye Pampu ya Bwawa

Ninaandika haya kwa sababu ya terasi. Kila kiangazi, pande za Golf na Bel-Air, mitaa ya hapa Lubumbashi, nakuta terasi nzuri zimebomolewa, vigae vimerundikwa chini ya mwembe, mfereji umechimbwa kutoka bwawani hadi chumba cha pampu, na mwenye nyumba bado anayaona mapovu yaleyale kwenye maji yanayorudi bwawani. Pesa imekwenda, bwawa limegeuka kijani, mbu wamepata makazi. Inaniuma, kwa maana mara nyingi kilichohitajika ni oringi moja, yaani pete ya mpira ya kuzibia, na asubuhi moja ya kutazama kwa utulivu.

Kazi yangu ni mabwawa ya kuogelea ya majumbani hapa Lubumbashi. Ninachotaka kila mwenye bwawa akijue kabla mtu hajashika nyundo ni hiki: hewa ikionekana kwenye maji yanayorudi, karibu kila mara imeingia mahali unapoweza kupashika kwa mkono, juu ya ardhi, jirani na pampu. Chini ya ardhi tunatafuta mwisho kabisa.

Tuanze na jinsi mtambo unavyofanya kazi, kwa sababu asiyezijua pande zake mbili atatafuta hadi achoke. Upande wa kunyonya unaanzia kwenye skima, yaani ule mdomo wa ukingoni unaokusanya majani, na kwenye tundu la chini ya bwawa. Mabomba yake yanapita kwenye valvu, yanaungana, yanafika kwenye kikapu cha pampu chenye kifuniko cha kuonea ndani. Upande wa kusukuma unaanzia pale feni ya pampu inapoyarusha maji kwenda kwenye filta ya mchanga, na kutoka hapo kurudi bwawani. Bomba la upande wa kusukuma likitoboka, maji yatamwagika nje na utayaona: udongo utalowa, nyasi zitastawi mahali pamoja tu. Upande wa kunyonya ukitoboka wakati pampu inazunguka, hakuna hata tone linalotoka. Hewa ndiyo inayoingia. Ndiyo maana watu huzunguka chumba cha pampu wakitafuta unyevu, wakikuta pakavu wanasema, basi, tatizo liko chini.

Watu hudhani pampu inayavuta maji. Ukweli ni kwamba inapunguza presha ndani ya bomba, na uzito wa hewa iliyo juu ya bwawa ndio unaoyasukuma maji kuelekea kwenye pampu. Evangelista Torricelli, Mtaliano, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1640. Kwenye usawa wa bahari uzito huo unaweza kupandisha maji mita 10 na kidogo. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, na kiwango hicho kinashuka hadi karibu mita 9, hapo hujatoa msuguano wa mabomba na viwiko. Kwa hiyo pampu iliyokaa juu ya usawa wa maji, na majumbani kwetu ziko nyingi za namna hiyo, haina nguvu ya akiba ya kuchezea. Ufa wowote ukipatikana, hewa ya nje iko karibu zaidi na pampu kuliko maji ya bwawani, na ni rahisi zaidi kupita. Itapita.

Baba yangu alifanya kazi kwenye pampu za mgodi wa Kipushi hadi uzalishaji uliposimama mwaka 1993. Alinilea na desturi moja ambayo siiachi: simama mbele ya pampu, isikilize, itazame, ndipo ufungue skrubu. Pampu ya bwawa yenye afya huvuma kwa sauti moja. Yenye hewa inakoroma, inatulia, inakoroma tena, na ndani unasikia kishindo cha changarawe. Tazama kifuniko: maji yanapaswa kujaa hadi juu, yakiwa kimya. Ukiona nusu maji nusu hewa, au maji yanachemka chemka bila moto, hewa inaingia kabla ya hapo. Tazama geji ya presha juu ya filta: mshale unatetemeka, au umelala chini ya namba uliyoizoea. Ndiyo sababu nawaomba wateja wangu waandike ukutani kwa kalamu ya rangi namba inayosomeka siku filta imetoka kusafishwa. Bila namba hiyo geji ni pambo tu.

Kisha nenda ukingoni ukayatazame mapovu yenyewe. Mapovu makubwa yanayotoka kwa vishindo, yanakoma, yanarudi, mara nyingi yanatoka kwenye skima inayomeza hewa kwa sababu maji yamepungua. Mapovu madogo sana, yanayotoka mfululizo na kuyafanya maji yawe meupe mbele ya tundu la kurudishia, yanatoka kwenye upenyo mdogo: oringi, uzi wa skrubu, kiungo cha gundi. Wale wenye mtambo wa chumvi wanaotengeneza klorini kwa umeme wawe waangalifu hapa. Mtambo ule hutoa gesi ya haidrojeni, na mapovu yake membamba ni ya kawaida. Uzimeni kwanza, ndipo mtazame.

Kiangazi chetu kina namna yake ya kuleta hewa. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hakuna, hewa ni kavu, upepo ni mwingi, na maji ya bwawa yanapungua polepole bila mtu kugundua. Yakishuka chini ya nusu ya mdomo wa skima, skima inaanza kunywa hewa. Jaza maji, tatizo limekwisha, hujalipa mtu. Halafu mwezi wa tisa na wa kumi jakaranda zinachanua. Mji unapendeza, barabara zinakuwa za zambarau, lakini yale maua yakiingia kwenye kikapu cha skima yanalala moja juu ya jingine na kutengeneza zulia lisilopitisha maji. Pampu inaendelea kudai, maji hayafiki kwa kasi, usawa ndani ya skima unashuka ingawa bwawa limejaa, na maji yanayozunguka yanavuta hewa pale chini. Mwenye bwawa anaona bwawa limejaa pomoni na hewa bado inatoka, anachanganyikiwa. Nyanyua kifuniko cha skima uone. Kagua pia kile kimlango kinachochezacheza mdomoni mwa skima. Kikikwama kikiwa kimesimama, maji hayapiti vizuri.

Ukishaondoa hayo mawili, nenda kwenye kifuniko cha pampu. Hapa ndipo ninapokuta kosa kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hufunguliwa mara kwa mara na kila mtu. Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye saa ya pampu, ile inayoiwasha na kuizima, peke yake, maana umeme na maji vikikutana havina msamaha. Funga valvu kama pampu iko chini ya usawa wa maji. Fungua kifuniko, toa oringi, ipitishe taratibu kati ya vidole viwili, duara zima. Utasikia kwa ngozi kile ambacho jicho halikioni: mahali palipobapa, mahali penye mpasuko mdogo, chembe ya mchanga iliyonata. Futa mfereji wa oringi kwa kitambaa safi, na sehemu ya kifuniko inayokutana nayo pia. Chembe moja ya vumbi letu jekundu inatosha kuinua mpira na kuacha njia. Angalia na kikapu: mshikio wake ukisimama juu kupita kiasi, unakisukuma kifuniko kisikae sawa.

Kabla ya kuirudisha oringi, ipake grisi ya silikoni, kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Tafadhali msitumie vaselini wala grisi ya gari. Oringi nyingi za mabwawa ni za mpira wa EPDM, na mpira huo unavimba na kulegea ukikutana na mafuta yanayotokana na petroli. Siku ya kwanza utadhani umeponya. Baada ya muda oringi imekuwa ndefu kuliko mfereji wake na haikai tena. Kopo dogo la grisi ya silikoni linadumu sana. Linunueni mara moja mliweke karibu na pampu.

Sasa jambo ambalo naona watu wa mji huu tumepewa bure na hatulitumii. Umeme unakatika. Wote tunalijua hilo na wote tunachukia. Lakini kwa anayetafuta hewa, dakika zile za kwanza baada ya umeme kwenda ndizo zenye majibu kuliko siku nzima ya pampu kuzunguka.

Chukua pampu iliyo juu ya usawa wa maji. Ikisimama, maji yaliyo kwenye bomba la kunyonya yanataka kurudi bwawani kwa uzito wake. Kama kila kiungo kimeziba, hayawezi kurudi, kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Yatabaki yamening'inia pale kwenye kikapu kwa muda mrefu. Kama kuna upenyo, hewa inaingia hapo na maji yanashuka. Simama mbele ya kifuniko utazame. Maji yakiondoka mbele ya macho yako, upenyo ni mkubwa. Yakikaa hadi jioni ndipo yapungue, ni mdogo. Na wakati yanashuka, pampu haivumi tena, chumba kimekuwa kimya, hewa inayoingia inaweza kusikika kwa masikio. Inapiga mluzi au inapumua.

Kwa pampu iliyo chini ya usawa wa maji, kwenye shimo au chumba cha chini, mambo yanageuka. Umeme ukienda, presha ya kunyonya inakwisha na uzito wa bwawa zima unasukuma maji kuelekea kwenye pampu. Mahali palepale palipokuwa panaingiza hewa sasa panatoa maji. Kausha kila kiungo kwa kitambaa, kisha kizungushie karatasi laini ya msalani. Subiri. Karatasi itakayopata doa la unyevu imekuonyesha. Usipoona kitu siku ya kwanza, acha karatasi hadi kesho yake. Kuna viungo vinavyotoa tone moja kwa usiku.

Kiangazi hiki mama mmoja wa Golf aliniita. Ni mama mtu mzima, na wajukuu wake walikuwa wanakuja kutoka Likasi kukaa naye likizo ndefu. Aliniketisha barazani, akaniletea maji ya kunywa, ndipo akaniambia: “Fundi, banasema bomba ya chini ilipasuka. Bavunje?” Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshachora mstari wa chaki juu ya vigae, kutoka skima hadi ukuta wa chumba cha pampu, na kutaja bei. Nikamwambia, “Mama, leo tusivunje kitu. Niruhusu kwanza niongee na zamu.”

Zamu, yaani mlinzi wa nyumba, ni mzee anayelala hatua chache kutoka kwenye pampu. Nilimsalimu, tukaulizana habari za nyumbani, nikamwambia, “Papa, umeme ikikatika usiku, unasikia nini huku nyuma?” Hakusita. “Inapiga mluzi,” akasema. “Kidogo tu. Kisha inanyamaza.” Mafundi walikuwa wamepita pale wakamwomba ufunguo wa geti, hakuna aliyemwomba habari. Naye ndiye mtu pekee anayeishi na mtambo ule usiku na mchana.

Tukaiwasha pampu, tukaiacha ishike kiasi ilichoweza, kisha nikazima umeme nikainama. Mluzi ulikuwepo, mwembamba, ukitoka upande wa valvu. Pale kulikuwa na valvu mbili, ya skima na ya tundu la chini, zote zimepigwa jua la mchana kwa miaka kwa sababu kibanda kilikuwa hakina paa upande ule. Nikapaka povu la kunyolea ndevu, zito, kuzunguka shina la valvu ya skima, pale mshikio unapoingia kwenye mwili wa valvu. Nikawasha tena. Povu lilikaa jeupe, limetuna, halisogei. Kisha upande wa nyuma, unaoangalia ukuta, pakatokea kishimo. Kikaongezeka kina, kingo zake zikaanza kuinamia ndani, na povu jirani likawa linafuata polepole hadi plastiki ya kijivu ikaonekana. Nikamwita Mama aje aone kwa macho yake. Akamwita zamu naye aje.

Tulipofungua valvu ile, oringi za shina zilikuwa ngumu, zimebapa upande mmoja, na vumbi jekundu limejikusanya kwenye mfereji. Nilipata za saizi ileile mjini kwa kubeba ile ya zamani mfukoni na kuifananisha dukani, maana kwa mpira wa namna hiyo tofauti ndogo ya unene ndiyo tofauti ya kuziba na kutoziba. Oringi na grisi pamoja havikufikia bei ya mifuko miwili ya saruji. Mstari wa chaki Mama aliufuta mwenyewe.

Povu la kunyolea ninalipenda kwa sababu linakaa hata mahali pa wima na halidondoki. Ukilikosa, mwagia maji kiungo kimoja baada ya kingine huku mtu mwingine anatazama kifuniko cha pampu. Maji yakifunika upenyo, mapovu ndani yanapungua kwa muda mfupi. Au zungusha nailoni ya kufunikia chakula kwenye kiungo unachokishuku. Maji ya sabuni, ambayo watu wa gesi hutumia, hayafai sana upande huu: yanaonyesha hewa inayotoka, na hapa hewa inaingia. Usipite haraka kwenye vizibo viwili vya kumwagia maji vilivyo chini ya mwili wa pampu. Viko kizani, havitazamwi, na mara nyingi oringi zake zimeshapotea na mtu ameweka tepu peke yake.

Valvu nazo zinaweza kukusaidia kugawanya tatizo. Funga bomba la tundu la chini, acha skima ifanye kazi peke yake, tazama mapovu. Kisha geuza: funga skima, fungua tundu la chini. Hewa ikikoma ulipofunga skima, tafuta kwenye njia ya skima. Ikiendelea kwa vyovyote, tafuta kwenye sehemu ya pamoja, kutoka valvu hadi pampu. Valvu yenyewe ikiwa mbovu inaweza kukupotosha, kwa hiyo shina lake lipake povu hata hivyo.

Na hapa naomba msome polepole. Mnapofanya jaribio hili, pasiwe na mtu yeyote majini, hasa mtoto. Pampu nzima ikinyonya kupitia tundu moja la chini, nguvu yake inaweza kumkamata mtu asiweze kujinasua. Marekani ilitunga sheria mwaka 2007 kuhusu vifuniko vya matundu hayo, na sheria hiyo ina jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka saba aliyekufa mwaka 2002 akiwa amenaswa na tundu la kunyonya. Tundu lisilo na kifuniko kizima lifungwe, na watu wasiogelee hadi kifuniko kipatikane.

Kuna uharibifu mwingine unaozaliwa na umeme wetu, nao unahitaji kuelezwa. Umeme unakatika jioni, maji yanashuka kwa sababu ya upenyo mdogo, umeme unarudi saa nane za usiku na pampu inaanza yenyewe ikiwa haina maji. Yale machache yaliyobaki ndani yanazungushwa hadi yanachemka. PVC ya kawaida, ile plastiki ya mabomba, haitakiwi kuzidi nyuzi joto 60. Ikipita hapo inalainika, na kiungo cha skrubu kinachoingia kwenye mdomo wa pampu kinasinyaa na kupinda kidogo sana. Asubuhi pampu imepoa, kiungo kinaonekana kizima, lakini uzi wake haushiki tena. Sili ya pampu nayo, ile inayozuia maji yasifike kwenye mota, inaungua kwa kukosa maji ya kuipoza. Upenyo mmoja mdogo umezaa miwili mikubwa. Kiungo kilichopinda hakitibiwi kwa kuongeza tepu. Kikate, weka kipya. Tepu ya tefloni izungushwe kufuata upande ambao skrubu inakazwa, ikazwe kwa mkono na robo mzunguko ya ufunguo. Ukikaza kwa hasira, mdomo wa plastiki wa pampu unapasuka, na huo haununuliwi peke yake.

Unapokata na kugundisha upya, pima bomba kabla ya kununua kiungo. Mjini kwetu vifaa vinatoka pande nyingi, vingine kupitia Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, vingine kutoka China, na vipimo vinachanganyika kwenye rafu moja. Bomba la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Bomba la milimita 50 lina 50 kamili. Vinaingiliana kwa kulegea, gundi inajaza pengo, kinaonekana kimekaa. Kwenye upande wa kunyonya hakikai. Safisha kwa dawa yake, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha robo, shikilia bila kusogeza kwa nusu dakika, kisha uache gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Mabomba ya chini ya ardhi yanapasuka pia, sikatai. Mizizi inayasukuma, gari linapita juu yake, aliyejenga hakuweka mchanga chini. Lakini hilo linathibitishwa. Bomba linazibwa ncha zote mbili, kule skima na huku pampu, kwa vizibo vya mpira vinavyotanuka, linajazwa maji na kupewa presha ndogo, kisha geji inaangaliwa. Liwe na maji, lisiwe na hewa tupu, kwa kuwa PVC ikipasuka na hewa iliyobanwa inarusha vipande. Mshale ukitulia nusu saa, bomba ni zima na hakuna sababu ya kuchimba. Ukishuka, una haki ya kuchimba, na hata hapo fundi mzuri atatafuta kwanza kwenye viwiko na pale bomba linapoungana na skima. Mwombeni fundi jaribio hili kabla ya kukubaliana bei ya kuvunja.

Imebaki kuwasha upya. Hewa iliyoingia kwa siku nyingi inakaa juu ya filta, imebanwa, na hewa iliyobanwa inaweza kurusha kifuniko cha filta kwa nguvu ya kuua. Pampu ikiwa imezimwa, fungua kile kivalvu kidogo cha kutolea hewa juu ya filta hadi geji isome sifuri. Kabla ya hapo usiguse kamba ya chuma wala bolti za filta. Jaza kikapu cha pampu maji kwa ndoo hadi mdomoni, rudisha oringi iliyopakwa grisi, funga, washa ukiwa umesimama mbali na filta. Kivalvu kikianza kutoa maji badala ya hewa, kifunge.

Nyumba ambazo pampu iko juu ya maji, nawashauri waweke valvu ya njia moja kabla ya pampu, ile yenye kifuniko cha kuonea, ili umeme ukienda maji yasirudi bwawani. Haiponyi upenyo; inakupa muda tu. Na saa ya pampu ipangwe isiiwashe usiku umeme unaporudi. Zamu aiwashe asubuhi kwa mkono, baada ya kutazama kifuniko na kuona maji, na ndoo iwe hapo karibu. Mapovu ya dakika chache za kwanza ni hewa iliyobaki njiani, yaacheni yaishe. Yakizidi robo saa, zimeni mrudi kwenye oringi ya kifuniko.